Ngeli ya Chaza

Sanduku la Kilifi lilifika Kisumu bila majina;
maji yalikuwa yamelamba vibandiko vyote.
Mwalimu Obura akawamwaga chaza mezani, maabara ya Kidato cha Pili,
akasema: Anzeni upya. Wapangeni mnavyoona.

Mimi, niliyependa sarufi kuliko baiolojia,
niliandika: chaza, ngeli ya A-WA,
ingawa hana kichwa, hana uso wa kuitikia.
Mguu anao mmoja, kama ulimi, wa kuchimbia.
Ana joho la nyama lililomjengea nyumba
ukingo kwa ukingo, mwaka kwa mwaka;
ana mirija miwili, mmoja wa kuvuta bahari,
mmoja wa kuirudisha.
Akifa, misuli huachilia, bawaba hufungua mlango.
Linabaki gamba. LI-YA.

"Pitisheni kidole ndani," alisema Obura.
Mstari hafifu wa joho, na mahali fulani umejikunja:
kikunjo hicho ni kumbukumbu ya mrija mrefu,
ya aliyeishi chini sana mchangani na bado akapumua.
Kome wa ziwa letu hana. Mstari wake haukati kona.

Jioni, Kibuye, kwa Perez Aluoch auzaye chakula cha kuku,
nilitumbukiza mkono guniani, kwenye makombe ya kusaga.
La tatu lilikuwa na kikunjo.
"Hili si la hapa," nikamwambia.
Akalipima kiganjani. "Kuku haulizi," akasema,
akalirudisha.

Sasa kila nivunjapo yai
natazama ndani ya ganda, penye weupe,
natafuta mstari.