Kidirisha cha Masizi

Hapa Tarchung paa la hekalu ni udongo na fito za mierebi,
na udongo huu haukuwahi kufunzwa mvua.
Theluji uliijua: unaisukuma kwa koleo, inashuka, basi.
Lakini miaka hii mawingu yamekosa adabu,
yanapanda milima mpaka huku, yanamwaga,
na maji yamechora mstari wa kahawia
kutoka darini hadi goti la Dolma wa Kijani.

Tuko watatu kwenye jukwaa la mbao.
Kunzes anaudunga ukuta sindano ya udongo laini
kama anayemchanja mtoto asiyetaka,
kisha anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza:
penye uwazi hulia kama kibuyu.
Morup, mwenye funguo, anashika ngazi
na kutukumbusha kila saa kwamba ngazi ni yake.

Kazi yangu mimi ni mate.
Msicheke. Dawa za chupa zilijaribiwa, zikala rangi.
Nachovya pamba ulimini, nazungusha, natupa,
ya pili, ya hamsini,
mpaka shavu linatoka gizani,
bichi kama shayiri ya wiki mbili.
Tangu Juni sijagusa kitunguu.

Wanakijiji waliuliza jicho la kushoto tutalichora lini.
"Hatuchori," akasema Kunzes. "Tunashikilia kilichobaki."
"Sasa tumwombe chongo?" Morup akahamaki.
Mpenda chongo huita kengeza;
sisi hata hilo hatukuruhusiwa.
Chongo tuliandika chongo, kwa penseli, kwa sentimita.

Siku ya kumi na tisa pamba ilinukia siagi.
Si ya dukani. Siagi ya yaki, iliyochacha,
ya taa ya shaba iliyowekwa palepale,
chini ya kiganja kilichofunguka,
na nyanya yangu Spalzes, majira matano ya baridi,
mwanawe akiwa mpakani na bunduki ya serikali.
Mimi nilibeba kiberiti.
Hakuwa mtu wa maneno. Aliwasha, akakaa.
Moshi ulipanda ukasema yaliyosalia.
(Baba alirudi. Vidole saba.)

Na mimi niko hapa, kwa mate yangu, nafuta.

Kuna kanuni: acheni mraba mmoja bila kuusafisha,
ukubwa wa kiberiti,
ili watakaokuja baadaye wajue palikuwaje.
"Chagua pasipoonekana sana," akasema Kunzes, bila kugeuka.

Nimechagua chini ya kiganja.
Kwenye ripoti nimeandika:
sampuli ya uchafu, sentimita tatu kwa tano.
Morup aliinua tochi, akatazama,
akatazama tena,
hakuuliza.
Akaisogeza ngazi,
ngazi yake,
kidogo kushoto.