Orodha ya Verlyn

Amebaki garini, goti lake jipya la chuma
limenyooshwa mpaka upande wangu wa kiti.
Nimeshuka peke yangu na orodha,
kaiandika nyuma ya bili ya umeme kwa herufi kubwa,
kana kwamba mimi ndiye niliyepasuliwa, tena kichwani:
TANIPU. FIGILI. SUKUMA WIKI. USILETE KITU KINGINE.

Agosti inaisha Wisconsin.
Dukani kwa Ostby kunanuka molasi, vumbi na buti mpya.
Mifuko imepangwa hadi darini, kila mmoja na picha yake:
kulungu dume, pembe kama mti uliopukutika,
kifua mbele, mgombea siku ya kampeni.
Hakuna mfuko wenye picha ya jike.
Nimetafuta.

Kijana wa kaunta, mjukuu wa Ostby, ananiuliza,
"Unataka waje lini, bibi?"
Swali jepesi. Nimelibeba kama gunia.

Maana tanipu ina siri yake:
Septemba jani ni chungu, wanalipita kama deni.
Likipigwa na jalidi mara mbili tatu, linageuka sukari,
na sukari hiyo inaiva Novemba,
wiki ileile Verlyn anapopanda kibandani juu ya mwaloni
na chupa ya kahawa na soksi mbili mbili.
Miaka arobaini na mmoja nimepika nyama hiyo.
Nimeikaanga kwa vitunguu, nimeikausha,
nimewapelekea wagonjwa wa kanisani.
Sitajifanya leo nina moyo wa maziwa.

Ila Mei iliyopita,
nikitafuta mahali ua ulipoanguka,
nilimkuta jike kwenye kile kipande chetu cha nusu ekari,
amesimama juu ya udongo mtupu,
tanipu zimeoza zikaacha mashimo,
mbavu unaweza kuzihesabu, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia.
Alinitazama
kama mteja anavyotazama duka lililofungwa.
Hakukimbia. Hilo ndilo lililonikaa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
Juu ya mchagua mbegu walinyamaza.

Nikamwambia kijana: rai, kilo ishirini na tano.
Klova nyeupe, kilo mbili. Na chokaa,
kwa kuwa karatasi ya vipimo inasema udongo wetu mchachu,
na mwenyewe yuko garini, mchachu vilevile.
Rai huota hata ikitupwa kwa hasira.
Itatangulia, itaifunika klova
kama dada mkubwa kwenye kitanda kimoja cha baridi,
na theluji ikiondoka, dada akikauka,
klova itakuwa pale, Aprili, Mei,
miezi ambayo hakuna anayelenga.

"Na tanipu?" Jicho lake kwenye orodha.
Nikasita.
Konzi tano, nikasema. Tia kwenye mfuko wa karatasi.
Nina ndoa pia ya kulisha.

Garini Verlyn alipapasa mifuko, akafungua usio wake,
akachota klova kiganjani: ndogo kuliko kichwa cha pini,
njano, nyingine rangi ya kutu.
Nikangoja.
Tukalipita kanisa, tukalipita daraja la Kickapoo,
bado anazisukasuka kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
"Hizi uzichanganye na mchanga,
la sivyo zitaanguka zote mahali pamoja."
"Najua."
"Mchanga mkavu."
"Najua, Verlyn."

Akazirudisha mfukoni,
akizibandua kwa ukucha zile zilizonasa
kwenye mistari ya kiganja.
Nikawasha waipa. Mvua ilikuwa imeanza,
siku moja kabla ya ahadi yake.