Sentimita Tatu na Nusu

Wenceslao Barría alileta kesi yake Jumanne:
Pijo la mizigo, jeupe la maziwa ya jana,
limeinamia kushoto kama mtu anayesikiliza ukutani.
"Ni upepo," akasema. "Miaka thelathini unalipiga ubavu mmoja."
Na kweli, hapa Río Gallegos hata moshi haupandi, hutambaa.
Shangazi Nélida alimjibu huku akivua glavu,
"Upepo nitaupima. Ule wa kwenye tairi."

Mbele ishirini na nane, ishirini na nane.
Nyuma thelathini na tano kila upande.
Upepo ukatoka kesini.

Mafundi wawili walishalifungua kabla yetu.
Wa kwanza alibadili springi ya mbele kushoto.
Wa pili akabadili ileile, kwa bei kubwa zaidi.
Panapouma ndipo panapokandwa.

Tukateremsha shehena yote: gunia la chumvi ya kondoo,
minyororo ya theluji, betri mfu,
kiatu kimoja ambacho Wenceslao alikikana.
Bado limeinama.

"Na sakafu hii," shangazi akasema,
"aliimwaga marehemu mume wangu akiwa na homa. Usiiamini."
Tukaligeuza gari, pua mlangoni, mkia ukutani,
tukapima upya, si kutoka chini, maana tairi nayo husema uongo,
bali kutoka kitovu cha gurudumu hadi mdomo wa madigadi.
Mimi nasoma, yeye anaandika kwa chaki:
mbele kushoto thelathini na sita,
mbele kulia thelathini na tisa na nusu.
Kosa lilikuwa limegeuka pamoja na gari.
Marehemu akasamehewa.

Kisha jeki, chini ya difu, katikati barabara,
akapampu taratibu mpaka magurudumu ya nyuma yakaning'inia.
Sasa nyuma yote imekalia ncha moja
haiwezi kumsukuma mtu.
"Pima mbele."
Thelathini na nane. Nikahamia upande wa pili.
Thelathini na nane.
Nikapima tena kwa kutojiamini. Thelathini na nane.

"Huyu aliyeinama hana kosa," shangazi akasema.
"Kuna mwingine, kule nyuma kulia, amesimama kwa vidole."

Nikaingia uvunguni na taa, matope yakinidondokea shingoni,
nikahesabu mabamba ya springi kwa kidole:
kushoto manne.
Kulia manne, na la tano,
nene, la gari jingine kabisa,
limekatwa kwa msumeno wa mkono na mtu mwenye haraka.

Wenceslao akavua kofia, akaitazama ndani.
Lilikuwepo tangi, akasema. Lita mia tatu,
maji ya kondoo wa kilimani,
daima upande wa kulia, kwa sababu mpira wa pampu
haukufika kushoto.
Kondoo aliwauza mwaka wa theluji ile. Kilima kikafuata. Tangi pia.
"Bamba sikulikumbuka."
Shangazi hakusema neno. Aliomba spana namba kumi na saba.

Nati za bushi hakuzikaza gari likiwa juu;
alisubiri lishuke, akalitikisa mara tatu,
akaliacha lichague lenyewe pa kulala,
ndipo akakaza.

Nikapima. Kushoto sasa kumezidi, milimita sita.
"Tumekosea," nikanong'ona.
"Don Wenceslao," akaita, "panda. Keti unavyoketi siku zote."
Akapanda, na tumbo lake, na koti la ngozi,
akafunga mlango mara mbili, maana mara moja haukubali.
Gari likashuka kidogo chini yake.
Nikapima.
Shangazi alikwisha kuanza kufuta chaki.

Aliondoka na bamba la tano kwenye kiti cha abiria,
amelifunga mkanda.
Limekaa sawa kama meza, mpaka kona ya kituo cha mafuta,
ambapo upepo ulimdaka,
ukamlaza kushoto.