Saa Tisa Usiku, Langoni

Seva yetu inakaa ndani ya kidaka
kilichochongwa kuwekea sahani za bibi harusi.
Sasa kina feni, na waya, na kijitaa cha kijani,
na chumvi inayokula skrubu kimyakimya.

Waliounda mfumo wametangaza: mwisho Juni.
Baada ya hapo hakuna viraka.
Tundu likitokea, ni lako.

Nikawauliza wenzangu tunaochangia bili: lini tuhamie toleo jipya?
Mwalimu Bwanadi: si wiki hii, nina matokeo ya mtihani.
Chama cha wabeba mizigo: si mwisho wa mwezi, kuna malipo.
Bi Khuleita wa ukumbi wa harusi akanifungulia daftari,
akapitisha kidole juu ya Shaabani yote:
"Hapa nimejaa. Hapa nimejaa. Na hapa usinitajie."
Ramadhani hakuna hata aliyeigusa.

Wahenga walisema ziba ufa.
Saa ngapi, hawakusema.

Na kuna Famau.
Famau ndiye aliyeandika programu ya zahanati ya punda,
kwa lugha ya kompyuta ambayo vijana wa leo huicheka,
kisha akaenda Doha, akabadilisha namba.
Ndani mna punda mia nne na kumi na wawili:
chanjo, vidonda, jina la mwenye punda, jina la punda.
Nani ajuaye kama itakubali kuamkia nyumba ngeni?

Nikanakili kila kitu kwenye laptopu ya kaka yangu,
ile iliyong'oka kitufe cha M,
nikaweka toleo jipya humo, nikangoja.
Iliamka.
Punda wote walikuwapo, ila mmoja wa Mkomani
ambaye bwana wake, kwa mzaha, alimwita Ng'ombe.
Alikuwa amegeuka Ng?ombe.
Nilicheka peke yangu hadi mama akagonga ukuta.
Kisha kicheko kikanikauka:
ritifaa moja imeanguka njiani,
na hiyo ni ile niliyoiona.

Ndipo nikaacha kuuliza watu, nikaiuliza seva yenyewe.
Miezi sita ya kumbukumbu: nani huingia, saa ngapi.
Mstari unashuka, unashuka, saa tisa usiku
unakaribia kugusa chini, haugusi.
Yupo mmoja. Kila usiku. Jina: famasi.

Nikaenda hospitali na mkate wa mofa ndani ya gazeti.
Swabra alikuwa akihesabu vidonge kwa ncha ya kisu butu.
"Dakika ngapi?"
"Arubaini. Nikikosea, hadi asubuhi."
"Umewahi kukosea?"
Sikujibu upesi, naye akaliona hilo.

Akavuta droo, akatoa daftari la mistari na kalamu mbili.
Akaijaribu moja kiganjani. Haikuandika.
Akajaribu ya pili.

"Jumatano," akasema.