Mara Mbili

Mashine ilisema haijakubali.
Tusekile akaifuta kadi yangu kwenye sketi yake,
akaichomeka tena, akasema, "Mtandao, mwalimu.
Leo wingu limeukalia Loleza."
Mashine ikatoa ulimi wa karatasi. Nikaondoka Mwanjelwa
na mabati thelathini na nane juu ya kirikuu,
nikijiona mtoto wa maana.

Kufika Uyole, simu ikalia mara mbili.
Milioni moja laki moja na arobaini.
Milioni moja laki moja na arobaini.
Nikadhani ni macho. Nikamsimamisha dereva,
nikahesabu sifuri kwa ukucha
kama ninavyowahesabu watoto wa darasa la pili
nikijua kabisa kwamba mmoja amezidi.

Ile ya pili ilikuwa pesa ya fundi,
ya mbao, misumari, na kofia ya paa.
Kwa hiyo mabati yakalala uani kwa mama, Kiwira,
yakinyeshewa chali,
na kuku mweupe akatagia upenuni mwake.
Mama hakuuliza. Alisogeza beseni tu
kutoka kwenye tone la zamani
hadi kwenye tone jipya.

Bwana Nyagawa, mwenye duka, aliapa:
"Kwangu imeingia moja, dada. Nenda benki."
Benki wakasema, "Kwetu zimetoka mbili. Nenda dukani."
Nikawa mpira wa makaratasi,
nikipigwa huku, nikirudishwa kule,
na kila anayenipiga ananiita mteja mpendwa.

"Una risiti?" akauliza kijana wa dirisha la tatu,
Lwitiko, kibao kifuani, mafua ya Aprili puani.
Ninayo. Ila juzi nililoa toka shule hadi nyumbani,
nikauweka mkoba kando ya jiko ukauke,
na karatasi zile hazivumilii joto:
iligeuka nyeusi yote,
kana kwamba imekumbuka kila kitu kwa mpigo.
Nikaipitisha chini ya kioo.
Akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii ni giza, mama."
"Ndimo nilimo," nikamwambia.

"Jaza fomu. Siku arobaini na tano."
Arobaini na tano! Yai huanguliwa kwa ishirini na moja.
Nilimwambia hivyo hivyo.
Akaandika: mteja amesisitiza.

Aliyeniokoa ni Tusekile na daftari lake,
la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Bosi wake anaamini mashine. Yeye anaamini peni.
*Ijumaa. Mabhati 38. Mwalimu wa koti la kijani.
Kadi imekataa, nimerudia, imekubali.
Itakuwa imekata mbili.*

Itakuwa imekata mbili!
Alijua mchana uleule,
akaandika, akafunga, akaogopea kibarua chake.
Nilitaka kumfokea. Badala yake, kwa mazoea,
nikatoa kalamu nyekundu nikaizungushia ile *bh*.
Kisha nikaupiga picha ukurasa,
mkono ukinitetemeka kwa hasira.
Wake nao ulitetemeka. Sikumuuliza kwa nini.

Siku ya thelathini na tisa, katikati ya imla,
simu ikanguruma mezani: *Muamala umerejeshwa.*
Bila pole. Bila jina la mtu.
Watoto wakangoja neno linalofuata.
Nikawapa: "Stahiki."
Wengi walikosea.

Vifaranga wametoka zamani. Paa limekaa,
na mama analalamika kwamba sasa mvua
ina kelele mno, hasikii redio.
Ila nimehesabu tena, kwa ukucha:
zimerudi pungufu elfu nne na mia saba.
Ada ya kushughulikia kosa.
Kosa la nani, hawakuandika.

Leo, dirisha la tatu. Lwitiko amepona mafua.
Ameniona tangu mlangoni,
na kabla sijafungua mdomo
ananisogezea fomu,
na ile kalamu iliyofungwa kamba.