Viti vya Kuazima

Jumamosi ya mwisho wa mwezi napika mtori,
nyumba ya tatu ukivuka daraja la Rau,
na wanakuja watu sita nisiowajua.
Nawaokota mjini: huyu kwenye foleni ya benki,
yule alinisomea maandishi madogo duka la dawa.

Masharti ni machache. Kazi yako iache mlangoni na viatu.
Kabila usilitangaze,
tutalijua kwa unavyomenya ndizi.
Na Mlima hautajwi. Umesemwa vya kutosha;
hata leo umejifunika, hautaki habari za watu.

Chini ya kila sahani pana karatasi,
swali moja kwa wote, na jibu haliharakishwi:
mwenye kutafuna atafune.
Mwezi wa tatu niliuliza, Ulimwamkia nani
ukijua hatakuitikia?
Tulikaa hadi jogoo wa jirani akatukosoa.

Jana niliandika: Uliazima nini, hukurudisha?

Ndeshi alicheka kwanza. Sufuria, akasema,
kubwa, ya shughuli ya ubatizo.
Mtoto aliyebatizwa sasa ana ndevu.
Bwana Harjit akasema, ngazi. Tukangoja.
Ngazi tu, jamani. Si kila kitu kina kitendawili.
Mbonea alikuwa akichora mistari kwa kijiko juu ya mtori.
Jina, akasema.
Kaka yangu alifaulu, akafa kabla ya barua kufika.
Nikaenda mimi na barua yake.
Hata mke wangu, akiniita, anamwita yeye.

Mtori ukapoa, ukatanda utando.
Ndeshi akamsogezea pilipili,
maana mkono nao lazima ufanye kitu.
"Tukuite nani, basi?" Bi Mwanaidi akauliza.
"Bado," akasema. "Niiteni baadaye."

Kisha LUKU ikaisha, kama kawaida yake, bila hodi,
na gizani sauti moja, sikujua ya nani:
"Na mwenyeji?"

Sharti hilo sikuwahi kuliandika, ila niliishi nalo:
mimi napakua, sijibu.
Miaka thelathini na moja nilionja kahawa ya mnada.
Kijiko, fyonza, zungusha ulimini, tema.
Niliijua mvua ya Kibosho, nikaujua uzembe
wa mtu aliyeanika buni Karatu akaenda kulala,
na sikumeza hata funda.
Na maneno nilikuwa navyo hivyo hivyo.
Muulizeni Aikande. Ah, hamwezi.

Nikasema, viti.
Hivyo mlivyokalia. Ni vya kikundi cha akina mama hapa mtaani.
Vililetwa kwenye matanga ya mke wangu, arobaini na viwili,
vikarudi thelathini na sita.
Sita nilivificha bandani, nyuma ya kuni.
Watu waliondoka siku ya nne, na nilitaka kibaki
kitu kilichokaliwa.
Nilivitoa, nikavipanga, nikavitazama mwezi mzima.
Kiti kitupu kinasema sana.
Ndipo nikaanza kukaribisha.

Hakuna aliyesema pole. Kwa hilo nawashukuru.
Nilisikia plastiki ikilia:
mtu amejiegemeza vizuri zaidi.

Bwana Harjit akawasha tochi ya simu, akakipindua chake.
Chini, kwa rangi nyekundu iliyochubuka:
TUPENDANE RAU, 17.
"Wanajua," Ndeshi akasema.
"Mama mkwe wangu ndiye mweka hazina.
Kila Desemba wanahesabu, na kila Desemba anaandika daftarini:
Sita, kwa mwonja kahawa. Vinatumika."

Vinatumika.

Nikaenda jikoni, nikapuliza makaa, nikapasha mtori upya.
Mbonea, kama ndiye, alikula mara mbili.
Habari za ngazi hakuna aliyezirudia.
Nami nikachota kijiko, nikafyonza kwa mazoea,
nikazungusha, nikameza.

Chumvi ilikuwa imepungua.
Miezi yote hiyo, na hakuna aliyeniambia.