Kubisha

Ubao ulifika Luchelele juu ya pikapu,
mali ya Mholanzi aliyemaliza mkataba wa mgodi
akamwachia mlinzi wake badala ya mshahara wa mwezi.
Mlinzi ni kaka yangu Lugendo. Haogelei.
Tanga lilikuwa na mpasuko wa dhiraa mbili,
na mimi kazi yangu maturubai: ya malori, ya harusi, ya misiba.
Nikalilaza sakafuni, nikalipima kwa futikamba,
nikalishona kwa uzi wa nailoni, mshono wa kwenda na kurudi.
Nilianza hivyo, nina miaka arobaini na mmoja.

Kwenda moja kwa moja nilijua kufikia Pasaka.
Kubisha pia nilijua, kuukata upepo kwa pembe,
huku kidogo, huku kidogo,
kama mtu anayedai deni kwa adabu.
Nikadhani nimefika.

Kisha Ng'washi, kijana wa duka la soda,
akanionyesha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka
sekunde kumi na mbili, bila sauti:
mtu anaruka, ubao unageuka hewani, mkia unatangulia,
unateleza kinyumenyume juu ya maji,
naye keshahamia upande wa pili wa tanga
kana kwamba pale palikuwa na mlango.
Jina lake kwa wenyewe hatukulijua.
Tukaiita Chapati.

Mkono wa mbele unahamia mlingotini.
Wa nyuma unaachia.
Halafu kuna kitambo, kifupi kuliko kupepesa,
ambapo hakuna ulichoshika sawasawa
na ubao umekupa mgongo.
Mikono yangu imekulia kushika.
Kitambaa ukikiachia kinakwenda upogo,
hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Maanguko niliyaandika kwenye daftari la vipimo,
kati ya Fuso la Masalu na hema la kipaimara.
La thelathini na nane: mlingoti ulinipiga sikio.
La sabini: nilitua kwenye magugu maji,
nikatoka na konokono kwenye nywele.
La tisini: zahanati, kupimwa kichocho.
"Uliingia ziwani?" akauliza wa maabara.
"Niliingizwa," nikasema. "Mara tisini."

Nilibishana na upepo, sifichi.
Ule wa saa nane, unaokuja ukiyakunja maji
kutoka upande wa kisiwa cha Saa Nane,
niliuambia ngoja, ukanitupa;
niliuambia sasa, ukalala kama mbuzi mwenye shibe,
nami nikazama wima, polepole, mbele ya wafua nguo.
"Shangazi, unang'ang'ania," akasema Ng'washi,
amekaa juu ya jiwe, miguu inaning'inia.
"Mlango uko wazi, wewe bado unabisha hodi."

Yeye aliipata Septemba.
Alipiga kelele hata minandi wakaruka kutoka miambani.
Nilimpigia makofi, na wivu
ulinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Langu la mia mbili na kumi na mbili lilikuwa Jumanne.
La mia mbili na kumi na tatu halipo.
Niliruka nikiwaza turubai la mtu, nililoahidi jioni,
uzi umebaki kidogo, niazime wapi,
na mikono, isiyoangaliwa na mtu, ikaachia.
Mkia ukapita. Maji yakakimbia kinyume chini ya nyayo zangu,
miamba ya Luchelele ikazunguka yote, na nguo zilizoanikwa juu yake,
na tanga likawa mkononi, mkono ule mwingine,
limenikuta nimesimama.

"Umeona?"
Ng'washi alikuwa ameinama, anafungua fundo la kamba kwa meno.
"Nini?"
"Chapati."
Akanitazama, akalitazama ziwa lililokwisha kujifuta.
"Hujafanya wewe."

Sikubisha.
Nikageuza ubao,
nikabisha.